Binti wa Saluni ya Alcobendas

Mama yangu alikuwa na saluni Ngamiani, Tanga. Chumba kimoja cha kupanga, kioo kirefu ukutani, viti vitatu, draya mbili. Nikitoka shule nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa uani, daftari la hesabu mapajani, na kazi yangu ilikuwa kuosha rola, kunyoosha rasta na kumkaribisha mteja anayeingia. Hesabu nilizifanya usiku. Mchana nilikuwa nasikiliza. Mama alijua, ndiyo maana kila mazungumzo yalipofika pazito aliniita: "Hebu kalete maji bombani." Ndoo iwe imejaa au haijajaa, nilikwenda. Nikirudi nilikuta mteja kanyamaza, au anajipangusa macho kwa ncha ya kanga, na mama anaendelea kuchana kama vile hakuna lililosemwa.

Naanza na hilo kwa kuwa ndilo lililonifikisha kwa Penélope Cruz, mwigizaji wa filamu wa Hispania. Jina nilikuwa nalijua, kama kila mtu. Sura nilikuwa naijua kwenye mabango ya manukato. Lakini mwanamke mwenyewe sikumjua mpaka nilipohamia Madrid, na sikumjulia kwenye sinema. Nilimjulia kazini.

Huu ni mwaka wangu wa 11 hapa. Nasuka nywele Lavapiés, mtaa wa mjini kati wenye Wasenegali, Wabangladeshi, Wamoroko, na watu wa Guinea ya Ikweta ambao Kihispania wamekisoma tangu darasa la kwanza. Mteja wangu mmoja, mama mtu mzima kutoka Malabo, hupenda kuangalia mahojiano kwenye simu wakati namsuka. Siku moja aliweka mahojiano ya Penélope. Akaulizwa alijifunzia wapi kuigiza, naye akasema: kwenye saluni ya mama yangu. Akaeleza kwamba alikuwa akikaa humo akijifanya anafanya kazi za shule, kumbe anawatazama wanawake, anasikiliza siri zao, anaangalia jinsi wanavyoingia na jinsi wanavyotoka.

Mikono yangu ilisimama. Yule mama akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia hapana, mama, naomba urudishe nyuma kidogo, nisikie tena.

Tangu siku hiyo nimemsikia akilisema hilo mara nyingi, katika mahojiano ya miaka tofauti, na kila mara nalipokea upya. Watu wengi hulipita haraka wakakimbilia tuzo na Tom Cruise, aliyewahi kuwa mpenzi wake, na mabango. Mimi ningependa nikae hapohapo.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1974, huko Alcobendas, mji ulio kaskazini ya Madrid. Mama yake, Encarna, msusi. Baba yake, Eduardo, mtu wa magari. Yeye ndiye kifungua mimba, akafuatiwa na mdogo wake wa kike, Mónica, ambaye naye ni mcheza dansi na mwigizaji, kisha wa kiume aliyeshika muziki. Tazama mwaka huo vizuri. Jenerali Franco, dikteta wa Hispania, alikuwa bado hai. Alifariki Novemba 1975. Mpaka Mei 1975 mwanamke aliyeolewa Hispania alihitaji ruhusa ya mumewe ili asaini mkataba wa kazi au afungue akaunti benki. Uzinzi uliacha kuwa kosa la jinai mwaka 1978. Talaka iliruhusiwa mwaka 1981.

Sasa fikiria saluni ya Encarna katika miaka hiyo ya themanini, mtoto wa miaka saba au minane kwenye kona. Wanawake waliokuwa wakikaa kwenye kile kiti ni wale walioolewa chini ya sheria za zamani na wakaamka siku moja wakaambiwa wako huru. Kuna aliyekuwa anajiuliza kama aondoke kwa mume. Kuna aliyekuwa keshaondoka na hajui amwambieje mama yake. Wote hao wanasema wakiwa wamefunikwa taulo mabegani, vichwa vimerudishwa nyuma, maji ya moto yanapita. Ukimwosha mtu nywele, ulimi wake hulegea. Hilo halihitaji kufundishwa chuoni, kila msusi analijua.

Liko jambo jingine ambalo wasusi tunalijua na sijasikia mchambuzi wa filamu akilitaja. Saluni watu wawili hawatazamani. Mteja anatazama kioo, na wewe unatazama kioo. Yeye anasema na uso wako ulioko kwenye kioo, nawe unamjibu humohumo. Kwa hiyo mteja anakuwa anajiona anaposema uongo. Anakiona kinywa chake kinavyotabasamu wakati macho hayapo. Na mtoto aliyekaa pembeni anaona nyuso mbili za mtu mmoja: ya kwenye kioo, ambayo mteja anaitengeneza, na ya ubavuni, ambayo mteja kaisahau. Mimi niliziona kwa miaka. Naamini naye aliziona, na kila anapoigiza mwanamke anayeficha jambo, mimi naiona ile sura ya ubavuni.

Nilikwenda Alcobendas Jumapili moja. Unapanda metro ya mstari wa 10, unashuka Tres Olivos kubadili treni, kisha unaendelea mpaka Marqués de la Valdavia. Sikwenda kutafuta nyumba ya mtu, hilo lingekuwa utovu wa adabu. Nilitaka kuona mji tu. Ni magorofa ya matofali mekundu, vitambaa vya kijani vya kukinga jua vimening'inia kwenye roshani, bibi wazee waliotengeneza nywele zao vizuri wamekaa kwenye mabenchi. Ni mji wa watu wa kazi. Nikawatazama wale bibi nikafikiri, huenda mmoja wenu ameigizwa na hajui.

Kabla ya filamu kulikuwa na dansi. Penélope alisoma baleti kwa miaka tisa, na mpaka leo utaona mgongo wake hauinami hata anapopiga deki. Baba yake alileta nyumbani mashine ya kuonyeshea video, Betamax, wakati majirani wengi hawakuwa nayo, na binti akawa anaangalia filamu moja mara nyingi mpaka anazijua pumzi za waigizaji. Kisha, akiwa na miaka 15 hivi, akaenda sinema kuona filamu mpya ya mwongozaji Pedro Almodóvar, ¡Átame!, ambayo wanafunzi wa umri wake hawakutarajiwa kuiona. Alitoka ameshaamua. Akaenda kwa wakala wa waigizaji, akaambiwa bado ni mdogo mno, arudi baadaye. Akarudi. Akaambiwa tena. Akarudi tena.

Mwaka 1992 zilitoka filamu zake mbili. Jamón jamón ya Bigas Luna, iliyopigwa kwenye ukame wa Los Monegros, ambamo alicheza na Javier Bardem, kijana ambaye miaka 18 baadaye angefunga naye ndoa. Na Belle Époque ya Fernando Trueba, ambamo yeye ni Luz, mdogo kuliko wote kati ya dada wanne, mwaka 1931, Hispania ikiwa inangoja Jamhuri. Hii ya pili ilipata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni.

Nitasema wazi kwamba ile ya kwanza siiangalii kwa raha. Msichana wa miaka 18, na nchi nzima ikawa inazungumzia mwili wake. Baadaye mwenyewe alieleza kwamba baada ya filamu ile alikata nywele fupi kabisa, na kwa miaka kadhaa akawa anakataa nafasi za kuvua nguo. Wengi wanaweza kulisoma hilo wasisimame. Mimi nimewakata nywele wanawake waliofiwa, walioachwa, waliotoka hospitali. Mwanamke mwenye nywele za kufika mgongoni akikaa kwenye kiti akasema "ondoa zote", huulizi kwa nini. Unachukua mkasi. Yule alikuwa binti wa msusi, alijua nywele ni maneno.

Almodóvar alikuwa ameshamwona. Alimwita kwa majaribio ya filamu yake ya Kika, akamwambia nafasi ile ni ya mwanamke mkubwa kuliko yeye, lakini atamwandikia yake. Watu wa filamu husema hivyo kila siku na wasitimize. Huyu alitimiza. Mwaka 1997, katika Carne trémula, akampa dakika chache za mwanzo. Madrid, mwaka 1970, usiku wa baridi, mitaa mitupu. Isabel ni kahaba kijana na uchungu wa uzazi umemshika. Mama mwenye danguro anasimamisha basi linaloelekea gereji na kumshurutisha dereva awapakie. Isabel anajifungulia humo, kwenye sakafu ya basi, na yule mama anakata kitovu kwa meno.

Mama yule ni Pilar Bardem, mama mzazi wa Javier. Kila ninapoiona sehemu hiyo nakumbuka kwamba aliyempokelea mtoto kwenye filamu ndiye aliyekuja kuwa mkwe wake, bibi wa watoto wake wa kweli. Pilar alifariki Julai 2021. Alikuwa mwigizaji mkubwa kwa haki yake, na wale wasiomjua wamtafute.

Katika zile dakika chache Penélope hapigi kelele za uzazi wa sinema. Anakasirika. Anaogopa kisha anaona haya kwa kuogopa. Mimi nimesaidia mwanamke mmoja tu kujifungua, ndugu yangu, na nilichokiona usoni kwake kilikuwa kilekile: hasira ya mtu aliyeshikwa na jambo asiloweza kulikataa.

Miaka miwili baadaye ikaja Todo sobre mi madre. Yeye ni Rosa, mtawa mjamzito mwenye virusi vya UKIMWI, huko Barcelona. Ipo sehemu ambayo siwezi kuisimulia bila koo kunikaba. Rosa yuko njiani kwenda hospitali, teksi inapita kwenye uwanja wa utotoni mwake, anaomba isimame. Baba yake yuko pale anatembeza mbwa. Baba ameshapoteza kumbukumbu. Mbwa anamkimbilia Rosa kwa furaha. Baba anamtazama bintiye kama mgeni, anamuuliza ana umri gani, ana urefu gani. Naye anajibu. Anasema umri wake na urefu wake, kwa heshima, na kinywa chake kinatabasamu. Baba yule ameigizwa na Fernando Fernán Gómez, ambaye ndiye aliyekuwa baba yake kwenye Belle Époque. Kwa hiyo mtu aliyeziona zote mbili anapata maumivu maradufu: huyu baba tunamjua, alikuwa anamjua.

Filamu hiyo ilishinda Oscar Machi 2000, na aliyefungua bahasha jukwaani alikuwa Penélope mwenyewe pamoja na Antonio Banderas. Hakusoma jina la filamu. Alipiga ukelele: "Pedro!" Ukelele wa mtu anayemwita kaka yake kutoka dirishani, chakula kiko tayari.

Miaka yake ya mwanzo Marekani nitaipita haraka. Alikwenda na Kiingereza kidogo sana, akapewa wanawake warembo wasio na mengi ya kusema, magazeti yakaandika zaidi kuhusu wapenzi wake kuliko kazi yake. Wapo waliohitimisha kwamba hana kipaji. Wangeangalia alichofanya Italia mwaka 2004, kwenye Non ti muovere ya Sergio Castellitto, mwanamke fukara asiye na mapambo wala uzuri, kwa Kiitaliano, wangeona haya. Waitaliano wenyewe walimpa tuzo yao kubwa, David di Donatello.

Halafu 2006. Volver.

Nimeiona filamu hii mara nyingi kuliko filamu nyingine yoyote. Mara ya kwanza kuiona kwenye pazia kubwa ilikuwa Cine Doré, sinema ya zamani ya serikali jirani na soko la Antón Martín, mwendo mfupi kutoka ninapofanya kazi. Inaanzia makaburini, kijijini La Mancha, upepo mkali unavuma, na wanawake wanasugua makaburi ya wapendwa wao kwa maji na vitambaa. Raimunda, yaani Penélope, anang'arisha kaburi la wazazi wake. Madrid anafanya kazi za usafi. Mume hana kazi, ana pombe. Binti ana miaka 14.

Na dada yake, Sole, ana saluni ya siri ndani ya nyumba! Isiyo na leseni, wateja wanapanda ngazi kimyakimya, sinki na draya zimebanwa chumbani. Humo ndimo mama yao, ambaye wote wanaamini aliungua moto akafa, anajitokeza na kujifanya Mrusi asiyejua Kihispania, msaidizi wa kuosha nywele. Mama huyo ni Carmen Maura, malkia wa filamu za kwanza za Almodóvar, aliyekuwa hajacheza kwake tangu 1988. Nilicheka peke yangu kwenye kiti changu. Mimi mwenyewe nilianza hivyo Madrid, nasuka kwenye chumba cha kulala cha rafiki, wateja wanapiga hodi kwa ishara.

Lakini sehemu ninayotaka kuieleza ni nyingine. Mume amemvamia binti kwa nia mbaya, binti amejitetea kwa kisu, mume amekufa jikoni. Raimunda anarudi kutoka kazini anaukuta mwili. Anamwambia mwanawe akumbuke kwamba aliyeua ni mimi, mama yako. Kisha anaanza kusafisha. Kamera inakaribia ile karatasi ya jikoni inavyokunywa damu. Halafu anachukua deki. Anapiga deki kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, anakamua, anarudi, kwa sababu ndiyo kazi yake ya kila siku na mikono haijui njia nyingine. Mlango unagongwa. Ni jirani, Emilio, mwenye mgahawa, anataka kumwachia funguo. Anamwona na damu shingoni. Anamuuliza kama ameumia. Raimunda anagusa shingo, anaiona, na bila kupepesa anasema: mambo ya kike.

Maneno matatu hayo yamebeba filamu nzima. Mwanamume anaona aibu, anaacha kuuliza. Jibu lile ni la zamani kuliko sote, na ni jibu la saluni. Angalia uso wake anapolisema. Upande unaomtazama Emilio umetulia, karibu unatabasamu. Kisha mlango unafungwa.

Baadaye kwenye mgahawa ule anaimba, wimbo wa tango ya zamani ya Gardel, mwimbaji wa Argentina, uliogeuzwa kuwa flamenko. Sauti ni ya Estrella Morente, macho ni ya Penélope. Mama yake amejificha garini nje, anamsikia, analia. Na ukiendelea utajua Raimunda mwenyewe utotoni alifanyiwa na baba yake lile alilonusurika binti yake, na kwamba mama hakuliona. Ndiyo sababu amerudi. Amerudi kuomba msamaha kwa kutoona.

Kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka ule hawakuchagua mwigizaji bora wa kike mmoja. Waliwapa tuzo wanawake sita wa filamu hiyo kwa pamoja: Penélope, Carmen Maura, Lola Dueñas, Blanca Portillo, Yohana Cobo na Chus Lampreave. Naona ilikuwa haki. Saluni haina mteja mmoja. Mwaka uliofuata Penélope akawa Mhispania wa kwanza wa kike kuteuliwa Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kwa nafasi aliyoicheza kwa lugha yake.

Oscar yenyewe aliipata tarehe 22 Februari 2009, ya mwigizaji msaidizi, kwa Vicky Cristina Barcelona ya Woody Allen. Anacheza María Elena, mke wa zamani wa mchoraji, na mchoraji ni Bardem. Wanagombana mbele ya mgeni Mmarekani, na mume anarudiarudia kumwambia aseme Kiingereza ili mgeni aelewe. Anajaribu, sentensi moja, mbili, kisha hasira inapanda na Kihispania kinafumuka kama maji ya bomba lililopasuka. Niliielewa sehemu hiyo mwilini. Kihispania changu ni kizuri, naweza kujadili kodi na bima na mwenye nyumba. Lakini siku mwenye nyumba huyo aliponidai kilicholipwa, nilisikia kinywa changu kinatoa Kiswahili cha Ngamiani, kitupu, na yeye akarudi hatua mbili nyuma. Ukitaka kujua mtu anatoka wapi, ngoja akasirike.

Jukwaani alisema kwamba alikulia mahali panapoitwa Alcobendas, ambapo ndoto kama ile haikuwa ya kuaminika sana. Akamshukuru Bigas Luna, akamshukuru Trueba, akamshukuru Almodóvar. Akamalizia kwa Kihispania, akiwaambia waigizaji wenzake wa nyumbani na watu wa nchi yake kwamba ile tuzo ni yao pia. Hakuna Mhispania mwigizaji wa kike aliyewahi kuipata kabla yake. Nikiwa Alcobendas ile Jumapili, nilitamka jina la mji kwa sauti, kama alivyolitamka yeye mbele ya Hollywood yote, kwa utulivu, bila kulifupisha.

Sitataja kila kitu. Zipo Goya tatu, tuzo kubwa za filamu za Hispania, ipo César ya heshima waliyompa Wafaransa mwaka 2018. Lakini Madres paralelas ya 2021 siwezi kuiacha, maana humo amekuwa mwanamke mzima kabisa. Ni Janis, mpiga picha, anayetaka kufukua kaburi la halaiki alimotupwa babu wa mama yake wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na wakati huohuo anagundua mtoto anayemlea amebadilishwa hospitalini. Kwa miezi analijua hilo peke yake. Anapika, anabeba mtoto, anampokea yule mama mwingine nyumbani kwake, na halisemi. Ukimtazama kwa makini utaona jinsi siri inavyomkalia mabegani kwanza, kabla haijafika usoni. Tamasha la filamu la Venice walimpa Kombe la Volpi, tuzo yao ya mwigizaji bora. Tuzo hiyo, kwangu mimi, ndiyo iliyompa kilicho chake.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani Tanga. Mama amezeeka, saluni aliifunga zamani, mikono inamuuma. Nikamwekea Volver kwenye kompyuta yangu, sebuleni, feni inazunguka. Hajui neno moja la Kihispania. Nilianza kumtafsiria, akaniambia ninyamaze, anaona.

Alicheka kwenye saluni ya Sole. Alitikisa kichwa makaburini, akasema hao ni watu wenye adabu. Ilipofika jikoni, damu, deki, akasogea mbele. Mlango ukagongwa. Emilio akatokea. Kabla Emilio hajauliza kitu, mama akasema: "Kasahau shingo. Kafuta kote, kasahau shingo."

Filamu ikaendelea, lakini yeye alikuwa ametoka humo. Baada ya muda akaniuliza kama namkumbuka mteja mmoja, aliyekuwa anakuja na skafu shingoni mwezi wa pili, joto la Tanga lile, na hataki kuivua. Nikamwambia namkumbuka. Skafu ya maua ya bluu. Nikamwambia niliona kilichokuwa chini yake, siku moja ilipolegea alipoinama kuoshwa.

"Nilijua umeona," mama akasema. "Kwani maji nilikutuma ya nini? Ndoo ilikuwa imejaa."